B-14 Jikoni kwa Mzee Ndahani

Ghorofa ya nne, na lifti mbovu. Fundi Skola alisimama chini ya ngazi akaitazama karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa lifti, "Samahani kwa usumbufu", karatasi yenyewe imepauka mpaka maandishi hayasomeki vizuri, akasonya. Majengo haya mapya ya Ilazo yamejazwa akili kila kona. Taa zinajua nani anapita, mabomba yanajua nani anaoga muda mrefu, halafu lifti, kazi yake kupanda na kushuka tu, ndiyo inashindwa! Akahamishia boksi la vifaa mkono wa kushoto, akaanza kupanda. Magoti yake yalikuwa na miaka hamsini na mitatu kama yeye mwenyewe, ila yenyewe yalikuwa yameamua kuzeeka haraka zaidi.

Hiyo ilikuwa kazi ya tatu tangu asubuhi. Ya kwanza ilikuwa Nzuguni, namba J-3, joto limepanda kwa sababu mwenye nyumba kaiweka friji kwenye ukuta unaopigwa na jua. Ya pili Kisasa, M-8, mlango haufungi, kumbe kijiko kimenasa kwenye mpira. Kazi za namna hiyo alizipenda. Unasoma namba kwenye kioo cha friji, unafungua kijitabu, kijitabu kinakwambia shida iko wapi, unatoa kijiko, unapewa maji ya kunywa, unaondoka. Lakini hii ya tatu ilikuwa B-14. Alipoiona kwenye simu asubuhi aliisukuma mwisho wa orodha, kama mtoto anavyosukuma mboga pembeni mwa sahani. Sasa saa tano na nusu ilikuwa imefika na orodha imekwisha. B-14 inataka sahihi ya fundi kabla ya saa kumi jioni.

"Hodi hapa!"

"Nani?"

"Fundi wa friji."

"Ala! Ndiyo unakuja leo? Mimi nimefungiwa ugali wangu tangu jana!"

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi na kufungwa vifungo mpaka shingoni. Nyuma yake ukutani ilining'inia kofia ya bluu ya shirika la reli, ya zamani sana, lakini haina vumbi hata chembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mimi ndiye Ndahani. Ingia, ingia, njoo umwone huyu bwana."

Huyu bwana alikuwa amesimama jikoni, mrefu kama mlango, rangi ya fedha, na kwenye kioo chake kifuani B-14 inawaka na kuzimika. Ilikuwa Tunza, toleo la tisa, friji ya wazee. Ndani yake mna mizani chini ya kila rafu, mna pua ya kunusa kilichooza, mna masikio, na pembeni mna kidroo kinachotoa sindano ya sukari moja asubuhi na moja jioni. Kila baada ya dakika moja ililia mlio mfupi, halafu ikasema kwa sauti ya kike isiyo na kwao, "Mtumiaji Ndahani, tafadhali tulia."

"Unasikia?" Mzee alinyoosha kidole. "Tangu jana jioni ananiambia nitulie. Mimi nimetulia! Anafungua mara tatu kwa siku, dakika kumi kumi, halafu anajifunga. Mwanangu Elia aliuza kiwanja akaninunulia kitu hiki ili nisipelekwe Makazi ya Wazee. Maana ukishapita miaka sabini na tano, bila Tunza ndani hukai peke yako. Sasa tena yenyewe ndiyo inifungie?"

"Pole, baba. Ngoja niangalie."

"Na kijitabu chako nimekisoma." Alikichukua juu ya meza, kimekunjwa kunjwa pembe, akavaa miwani. "Mara tatu nimekisoma. J ni joto. M ni mlango. G ni gesi. Nikafika kwenye B. Unajua wameandika nini? 'Mashine iko salama. Subiri fundi.' Iko salama! Sasa kama iko salama, inalilia nini?"

Skola alipiga magoti mbele ya friji, magoti yakapiga kelele, akajifanya anatafuta tundu la waya ingawa alilijua hata akifumbwa macho. B ni binadamu. Kila fundi analijua hilo, na kila fundi ameapishwa asimwambie mwenye nyumba mpaka sahihi itiwe.

"Ni mambo ya kompyuta tu, baba."

"Mwanangu," alisema mzee taratibu, "nimekuwa stesheni masta miaka thelathini na mmoja. Bahi, Kintinku, Saranda. Mtu akipiga simu akasema 'ni mambo ya mtambo tu', ujue treni imeanguka."

Akavuta kiti akakaa nyuma yake, mikono juu ya magoti, akimtazama anavyofanya kazi.

Kilichokuwa kinamchosha Skola si ngazi, wala si jua la Dodoma. Ni zile B. Sheria ilisema mashine haina ruhusa ya kutamka kwamba mtu akili zimemtoka. Lazima binadamu athibitishe. Watu walipiga makofi siku sheria hiyo ilipopita. Halafu ikaonekana madaktari hawatoshi, na wenye Tunza wakasema, aah, si tunao mafundi nchi nzima? Basi ikawa fundi. Na fundi hajui habari za akili, kwa hiyo fomu haimuulizi habari za akili. Inamuuliza mashine tu. Visanduku viwili: MASHINE NI NZIMA, MASHINE INA HITILAFU. Ukigusa cha kwanza, ile B inasimama kama ilivyo, na kabla jua halijazama gari jeupe la Makazi linakuja kumchukua mwenye nyumba. Ukigusa cha pili, friji inaondolewa, na nyingine inaletwa baada ya wiki, haina kumbukumbu ya chochote.

Skola alikuwa amegusa kisanduku cha kwanza mara mia mbili na kumi na moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapima umeme, anapima mizani, anapima masikio, anakuta kila kitu kinafanya kazi, na anaandika kinachofanya kazi. Angeandika nini kingine?

Aliunganisha waya kwenye kompyuta yake ndogo, akapima. Umeme sawa, mizani sawa, masikio sawa. Kisha akaifungua ripoti yenyewe, na maneno yakashuka kwenye kioo:

*Mtumiaji anazungumza na mke wake, Nyemo, ambaye ni marehemu. Matukio 71. Mtumiaji anamwandalia marehemu chakula. Matukio 71. Mtumiaji aliomba sindano ya pili asubuhi moja. Tukio 1. Ombi lilikataliwa.*

Mh. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kwenda kwenye kisanduku cha kwanza, kwa mazoea. Sijui ni kwa sababu ya yule mzee aliyekaa nyuma yake kimya, au ni miguu tu haikutaka kuinuka mapema, siku hiyo alifanya jambo ambalo alikuwa ameacha kulifanya siku nyingi. Alichomeka kidude cha sikioni akasikiliza sauti yenyewe.

Ilikuwa sauti ya mzee Ndahani, mchana, mlango wa friji uko wazi. "Haya mke wangu, nimekuwekea ugali wa mtama na mlenda, usije ukasema nakunyima. Na ukichelewa tena, naoa mwingine. Wapo wengi wananitaka."

Halafu kicheko, kicheko cha mtu anayemchokoza mtu.

Skola akachomoa kile kidude. "Baba, Nyemo ni nani?"

"Nyemo yupi?"

"Wako wangapi?"

"Wawili," alisema mzee. "Wa kwanza marehemu mke wangu, ana mwaka wa sita sasa. Wa pili mjukuu wangu, binti wa Elia. Karithi jina la bibi yake. Huyo ndiye mke wangu wa sasa, na mkorofi kuliko wa kwanza! Tangu anajifunza kutembea namwita mke wangu, naye ananiita mume wangu mzee asiye na meno. Si ndivyo babu anavyomtania mjukuu wake? Kwani kwenu hamtaniani?"

"Tunataniana," alisema Skola.

Na hapo hapo akakumbuka, akashika pembe ya meza. Bibi Sechelela, Chang'ombe, mwaka juzi. B-14 vile vile. *Mtumiaji anazungumza na mume wake, ambaye ni marehemu.* Na pale sebuleni alikuwapo kijana mkubwa tu, mwanafunzi wa chuo, mjukuu wa yule bibi, ambaye alisema, "Lakini fundi, samahani kidogo," na Skola, amechoka, ana kazi nyingine mbili zinamsubiri, akamwambia, "Nisubiri nje, kaka, nimalize." Alimaliza. Mashine ilikuwa nzima. Bibi Sechelela alichukuliwa saa kumi na moja jioni na akafa Makazi wiki ya tatu, na kijana yule alikuwa na jina la babu yake. Bila shaka alikuwa nalo. Nani asiyejua kwamba bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu? Kila mtu anajua. Skola mwenyewe bibi yake mzaa baba alikuwa akimwita mke mwenza. Waliotengeneza Tunza ndio hawakujua, na yeye aliyejua hakusikiliza.

"Fundi? Unaumwa?"

"Hapana, baba. Nipe maji kidogo."

Mzee alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Akanywa yote. Kisha akajisemea moyoni, haya, angalau leo. Leo ni rahisi. Leo mashine ina hitilafu, hitilafu ya wazi kabisa, inachanganya mjukuu na marehemu. Akanyoosha kidole kwenye kisanduku cha pili.

Lakini fundi ni fundi. Namba sabini na moja ilikuwa inamwasha. Sahani sabini na moja zimewekwa, na mizani ya rafu ilisema kila iliyotoka ilitoka asubuhi yake na uzito ule ule.

"Huyu Nyemo wa pili anakaa wapi?"

"Kigoma. Kapata kazi bandarini, mwezi wa tatu huu. Ananipigia simu kila jioni, saa moja kamili."

"Sasa kama yuko Kigoma, chakula unamwekea cha nini?"

Mzee Ndahani alinyanyuka, akaenda akaishusha ile kofia ya bluu, akaifuta na mkono ingawa haikuwa na vumbi, akairudisha.

"Nitakwambia, ila usinicheke. Zamani, kabla ya hizi treni za umeme, njia ilikuwa moja. Treni inatoka Bahi kwenda Kintinku, nyingine inatoka Kintinku kuja Bahi, reli ni hiyo hiyo. Zisigongane kwa nini? Kulikuwa na kipande cha chuma, hivi, mkononi kinaenea. Kipo kimoja tu kwa kipande kile cha njia. Dereva asipokabidhiwa kile chuma, haondoki, hata kama rais yuko ndani. Akifika upande wa pili anakikabidhi, na stesheni masta anakitazama kwa macho yake, anatamka kwa mdomo wake, 'Njia nyeupe,' yaani iko tupu. Si kufikiria. Kutamka. Maana mtu ukichoka unaweza kufikiria umeona kitu ambacho hujakiona."

"Ndiyo."

"Baba yangu alipofika umri wangu alipotea. Alikuwa hapa, kakaa kwenye kiti, lakini kapotea. Na hakujua. Hicho ndicho kitu ninachokiogopa duniani, fundi, kuliko kufa. Si kupotea. Kupotea nisijue. Basi Nyemo alipoondoka nikajiwekea chuma changu. Mchana namwekea chakula, namtania kama kawaida. Asubuhi nafungua, naikuta sahani imejaa, na natamka kwa mdomo, 'Nyemo yuko Kigoma. Njia nyeupe.' Chakula nampelekea jirani, ana kuku. Sasa siku nikifungua nikajiuliza kwa nini sahani imejaa, siku hiyo nitajua kichwa kimeondoka, na nitamwambia Elia mwenyewe, nipelekeni. Kwa mdomo wangu. Sitaki kuambiwa na kabati."

Kabati likalia. "Mtumiaji Ndahani, tafadhali tulia."

"Kelele!" alisema mzee.

Skola angeweza kuishia hapo. Wallahi angeweza. Angegusa kisanduku cha pili, akashuka ngazi za ghorofa zake nne, akaenda kulaza magoti. Lakini alikuwa ameshamsikiliza mtu mmoja nusu nusu, na matokeo yake aliyajua. Alirudisha kidude sikioni, akaachana na za mchana, akafungua za asubuhi, zile ambazo friji ilizihifadhi lakini haikuzihesabu.

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango unafunguka. "Nyemo yuko Kigoma. Njia nyeupe." Siku inayofuata, "Nyemo yuko Kigoma. Njia nyeupe." Sauti kavu, ya kikazi, kama mtu anayesaini daftari. Akazipitisha haraka haraka, kumi, ishirini, hamsini. Akaanza kutabasamu.

Jumamosi iliyopita mlango ulifunguka, pakawa kimya. Kisha: "Mbona hujala, mke wangu?"

Tabasamu likamkauka usoni. Jumapili ilikuwa sawa, yuko Kigoma, njia nyeupe. Jumatatu: "Hujala tena? Unaumwa?" Na leo Jumanne, asubuhi hii hii, sauti ndogo, ya mtu anayebembeleza: "Nani kakuudhi? Njoo ule, mke wangu. Njoo tu." Halafu kusubiri. Alisikia kabisa kule kusubiri, pumzi za mzee aliyesimama mbele ya friji iliyo wazi, dakika nzima, mpaka Tunza ikasema, "Tafadhali funga mlango." Mlango ukafungwa. Hakuna aliyesema njia nyeupe.

Na ile sindano ya pili aliyoiomba, aliiomba Jumatatu.

Skola alibaki amepiga magoti pale chini. Visanduku viwili vilikuwa vinamtazama. Akigusa cha kwanza, mzee atakwenda Makazi jioni hii kwa sababu alimtania mjukuu wake, na sababu hiyo ni uongo. Akigusa cha pili, mzee atabaki hapa wiki nzima peke yake na sindano zake kwenye bakuli, na asubuhi akisahau kwamba ameshachoma, hapatakuwa na wa kumkatalia. Mashine ilikuwa imekosea njia yote ikafika mahali penyewe. Alijisikia kulia kwa uchovu, uchovu wa miaka, si wa ngazi.

"Umesikia nini?" aliuliza mzee nyuma yake.

"Baba..."

"Usiniambie mambo ya kompyuta."

Skola akageuka akakaa sakafuni, mgongo kwenye friji, na akasema mambo ambayo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alisema B ni nini. Alisema visanduku ni viwili. Alimtaja Bibi Sechelela kwa jina lake, na kijana aliyeambiwa asubiri nje. "Nilikuwa nimechoka," alisema. "Sina sababu nyingine, baba. Nilikuwa nimechoka tu, na nikampeleka mtu."

Mzee Ndahani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi mimi usinipeleke kwa uchovu," alisema. "Na usiniache kwa huruma. Nisikilizishe."

Skola akachomoa waya wa sikioni, sauti ikatoka wazi jikoni. Mbona hujala, mke wangu. Unaumwa. Nani kakuudhi, njoo ule. Mzee alisimama wima kama yuko kwenye jukwaa la stesheni treni inapita, mikono ubavuni. Sauti ilipofika kwenye ile dakika ya kusubiri, akaufunika mdomo na kiganja.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na hiyo ya mwisho?"

"Ya leo asubuhi."

"Leo." Alikaa. "Leo nimeamka, nimeoga, nimepiga pasi shati. Nilidhani leo ni siku nzuri." Akatazama mikono yake. "Kwa hiyo treni imepita na mimi nimelala. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana."

Skola alimshika mkono. Walikaa hivyo mpaka saa saba kamili ilipogonga, Tunza ikafunguka yenyewe, taa ikawaka, na pale rafu ya pili ilikuwapo sahani ya jana imefunikwa na sahani nyingine. Mzee akainuka akaitoa. Akaipasha moto. Akaweka mezani, akaweka na kijiko.

"Kaa ule."

"Hiki si cha Nyemo?"

"Nyemo yuko Kigoma," alisema mzee Ndahani, neno kwa neno. "Saa hizi najua. Asubuhi sikujua. Kula, umekonda uso."

Alikula. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu chai ya saa kumi na mbili, na mlenda ulikuwa mzuri hata baada ya kulala kwenye friji. Huku anatafuna walimpigia Nyemo. Mzee alisema mwenyewe, hakumwachia fundi. "Mke wangu, mume wako ameanza kupotea. Sikia, usilie. Nimejijua mapema, na hilo ndilo nililotaka. Njoo tukae tuzungumze na baba yako, tuone nitaishi vipi." Kwenye simu msichana alilia vile vile, akasema ataomba ruhusa, atapanda treni ya kesho jioni, Alhamisi mchana awe Dodoma.

"Na mpaka Alhamisi?" aliuliza mzee baada ya kukata simu. "Wakiondoa huyu bwana, nani ataninyima sindano?"

"Mimi," alisema Skola. "Nitaondoka nazo kwenye kiboksi cha barafu. Nitakuletea asubuhi na jioni." Neno lilishamtoka ndipo akakumbuka ngazi. Mara mbili kwa siku, Mungu wangu!

Saa nane na dakika tano aligusa kisanduku cha pili, MASHINE INA HITILAFU, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi. Fomu ikauliza ni hitilafu gani. Akafikiria maneno ya kitaalamu, akayaacha, akaandika: *Haijui utani.* Fomu ikauliza tena, swali ambalo hakuwahi kulifikia kwa kuwa hakuwahi kugusa kisanduku hiki: Je, hitilafu hii inaweza kuwa ilitokea kwenye mashine nyingine ulizozithibitisha? Leseni yake ilikuwa kwenye mfuko wa mbele wa boksi la vifaa, na picha yake ya siku alipoipata, hana mvi hata moja. Akaandika ndiyo. Kwenye nafasi ya majina akaanza na Sechelela.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi lifti bado ilikuwa mbovu, na ile karatasi bado ilikuwa inaomba samahani. Ofisini walikuwa wameshampigia simu mara mbili tangu alfajiri na hakupokea. Skola alipanda na kiboksi cha barafu mkononi, akapumzika ghorofa ya pili, akapumzika tena ya tatu. Mlangoni kwa mzee alisimama kwanza. Alikuwa ameambiwa jana, wakati wa kuagana, asiingie kabla ya kuuliza. Hicho ndicho kitakuwa chuma chao sasa, alisema mzee, kwa kuwa kile cha sahani kimeshavunjika.

"Hodi."

"Nani?"

"Fundi Skola. Baba, Nyemo yuko wapi?"

Ndani kukawa kimya. Skola alisubiri. Alisikia maji yakidondoka mahali, akasikia kandambili zikivutwa sakafuni, zikasimama. Alilaza paji la uso kwenye mbao za mlango, akawaza atamwambiaje Elia, atamwambiaje yule msichana ambaye hata treni hajapanda.

"Nyemo yupi?" ilisema sauti ndani.

Skola alikaa chini, palepale kwenye ngazi ya juu, kiboksi mapajani.

"Wa pili," alisema, akijifuta macho.

"Yuko Kigoma. Jioni anapanda treni. Wa kwanza nimemzika mwenyewe." Kitasa kikazungushwa, mlango ukafunguka, na mzee Ndahani akamtazama pale alipokaa. "Sasa mbona unalia na jibu ni sahihi? Inuka, nichome sindano yangu, chai inapoa."

Akainuka, magoti yakilalamika. Kulikuwa na leo jioni, na kesho asubuhi, na maswali mawili zaidi mlangoni.